Mbegu Iliyofichwa

Neno: Waamuzi 6:1-16 na 8:22-27



Siku ya malimbuko kanisa letu hunukia shamba. Mbele ya meza ya Bwana twaweka madebe ya mtama na mahindi, mihogo, pamba, na mpunga ulioletwa kutoka mabondeni. Huletwa kuku, na mara nyingine bata aliyefungwa miguu, ambaye hungoja mpaka kanisa zima limenyamaza kwa sala ndipo naye aanze kutoa sauti yake. Watoto hucheka, wazee hutikisa vichwa, na baada ya ibada vyote hunadiwa. Twaimba, twashukuru, twarudi nyumbani.

Ni vema kushukuru. Lakini mara chache twajiuliza: mpunga huu ulitokana na mbegu ya nani? Ni nani aliyeitunza mbegu hiyo katika mwaka ule mbaya, ambapo ilikuwa rahisi zaidi kuipika kuliko kuiweka? Na je, palikuwa na mtu aliyekuja kuichukua? Juu ya maswali hayo twataka kusema nanyi mwezi huu.

MKULIMA SHIMONI

Kitabu cha Waamuzi chatueleza kwamba Israeli walikuwa chini ya mkono wa Midiani miaka saba. Tuangalie jinsi utumwa ule ulivyokuwa. Wamidiani hawakuja na jembe. Walingoja Israeli wamekwisha kupanda, ndipo wakapanda kuja na mifugo yao na hema zao, wengi kama nzige, wakaharibu mazao ya nchi mpaka Gaza. Hawakuacha chakula, hawakuacha kondoo, wala ng'ombe, wala punda. Watu wakakimbilia milimani na mapangoni.

Katika siku hizo Bwana alimtuma malaika wake kwa Gideoni. Alimkuta wapi? Hakumkuta kambini, wala hekaluni. Alimkuta ndani ya shinikizo la zabibu, akipepeta ngano kwa kujificha.

Sisi tulio wakulima twaelewa neno hili kuliko wasomi wengi. Nafaka hupepetwa mahali palipo wazi, penye upepo, ili makapi yachukuliwe na punje zibaki. Shinikizo la zabibu lilikuwa shimo lililochimbwa katika mwamba. Upepo haufiki humo. Vumbi lote humrudia mpepetaji machoni na kifuani, na kazi ya saa moja huchukua siku nzima. Tena mtu hawezi kupepeta mavuno mengi shimoni. Aweza kidogo tu, cha kuwalisha watu wa nyumbani mwake na cha kuweka akiba kwa msimu ujao.

Na hapo hapo, mtu huyu mwenye makapi kichwani na hofu moyoni akaitwa shujaa. Wengine husoma neno hilo wakadhani malaika alikuwa akimtania. Sisi twaona sivyo. Bwana alimwita shujaa kwa sababu katika nchi ambayo wote walikuwa wamezoea kunyang'anywa, yeye alikuwa bado analima. Kabla ya tarumbeta na mienge na mitungi, ushujaa wa Gideoni ulikuwa ngano kidogo iliyofichwa.

NYUMBA YA UKEREWE

Barabara itokayo hapa Nyamuswa hupita Bunda na Bulamba, ikafika Kisorya. Na kutoka Kisorya kivuko huwavusha watu mpaka Ukerewe. Wengi wetu tumekipanda kivuko hicho. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kisiwa hicho kiliwahi kupiganiwa kwa ajili ya mchele.

Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza mwaka 1914, nchi hii ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Haukupita muda vita ikafika ziwani kwetu. Mwezi wa Januari 1915 Waingereza waliiteka Shirati, hapa hapa Mara. Wajerumani walipata mchele kutoka Ukerewe wa kuwalisha askari wao. Mchele ni chakula ambacho jeshi hukipenda: ukiwa mkavu haupesi kuharibika, huchukuliwa kwa magunia, na huhitaji maji na moto tu. Kwa hiyo mwezi wa Juni 1916 Waingereza wakakishambulia kisiwa na kukiteka, na mwezi uliofuata wakauteka mji wa Mwanza. Bendera moja ikashushwa, nyingine ikapandishwa. Mpunga ulikuwa ni ule ule, na waliouinamia majini walikuwa ni wale wale.

Hebu tuifikirie nyumba moja ya wakati ule. Tusiipe jina, maana nyumba za namna hiyo zilikuwa nyingi. Tuseme kuna baba, mama, bibi mzee na watoto wanne. Wana majaruba mawili na bata kumi. Mpunga si kama muhogo. Muhogo hukaa ardhini, na mtu aweza kuung'oa siku anayotaka. Hata adui akipita juu yake huenda asijue. Mpunga husimama wazi. Ukiiva, jaruba lote huwa la rangi ya dhahabu, na mtu aliye mbali huliona na kulihesabu. Mkulima wa mpunga wakati wa vita hulima mbele ya macho ya atakayemnyang'anya.

Na bata je? Bata ni rafiki wa mpunga. Miche ikiisha kushika mizizi, bata huingia kati ya mistari, wakala wadudu na magugu machanga, wakayachafua maji kwa miguu yao, na mbolea yao ikabaki shambani. Lakini mpunga ukianza kutoa masuke, lazima watolewe, la sivyo watakula punje. Basi mama wa nyumba ile anajua siku ya kuwaingiza na siku ya kuwatoa. Askari hajui hayo, wala hana haja ya kuyajua. Yeye humwona bata kuwa ni nyama. Huja asubuhi, huwakamata shingo, huwafunga kwa kamba, huondoka. Kisha huja karani kuhesabu magunia.

Jioni ile wamebaki na nini? Wamebaki na njaa, na kibuyu kimoja cha mbegu ambacho bibi alikichomeka juu kwenye paa, mahali penye moshi. Na nyuma ya kinu, penye giza, kuna bata jike mmoja aliyekuwa akiatamia, ambaye hakutoka wala hakutoa sauti.

Wafugaji wetu wajua kwamba kuku huatamia siku 21, lakini bata hawa wakubwa wenye uso mwekundu huatamia kama siku 35. Wiki tano! Katika wiki hizo watoto wanalia njaa, na mayai yako pale pale nyuma ya kinu. Kibuyu kiko pale pale juu ya moto. Baba akisema, "Tule leo," nani atamlaumu? Bibi akisema, "Tungoje," nani atakayemsikia? Ndugu zetu, vita iliyopiganwa ndani ya nyumba ile haikuandikwa katika kitabu cha jemadari yeyote. Lakini kama isingepiganwa, na nyingi kama hiyo, nchi hii isingekuwa na wa kuzaliwa.

Tena twajua jinsi ilivyokuwa pale ambapo vita hiyo haikuweza kushinda. Huko Ugogo nafaka na ng'ombe walichukuliwa, kwanza na Wajerumani na baadaye na Waingereza, na vijana wakachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Mvua iliposhindwa, watu hawakuwa na akiba yoyote. Njaa ile ya mwaka 1917 hadi 1920 Wagogo waliiita Mtunya, na wengi wakafa. Basi tusimhukumu mtu aliyekula mbegu yake. Tumhukumu aliyemfikisha hapo.

MIDIANI NG'AMBO YA KAGERA

Mambo hayo ni ya babu zetu. Lakini wazee wetu wengi wameona mengine kwa macho yao.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia nchi yetu yote iliyo kaskazini ya mto Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba sehemu hiyo ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Watu waliuawa, maelfu wakakimbia na watoto mgongoni, ng'ombe wakaswagwa kuvushwa mpaka, na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa. Ilikuwa kama Waamuzi sura ya sita iliyosomwa upya: hawakuacha chakula, wala kondoo, wala ng'ombe. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama hapa jirani, aliliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga adui ipo, nia ipo na uwezo upo. Vijana wa Mara waliitika. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na Amin akakimbia.

Kanisa letu lilikuwa limekwisha kuonja uchungu wa mtu huyo. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa kwa kusema kweli mbele yake. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikimbia usiku yeye na mkewe, wakapita milimani kwa miguu mpaka Rwanda. Alipofika salama alikiri kwamba alikuta chuki moyoni mwake, na kwamba msalaba wa Kristo ulimlazimu amsamehe Amin. Akaandika kitabu juu ya neno hilo, na watu wengi walishangaa, wengine wakakasirika. Lakini yeye alijua hatari iliyopo. Mtu aweza kumtoroka Amin kwa miguu, na huku akambeba Amin moyoni.

GIDEONI WA SURA YA NANE

Hapa ndipo twataka tusimame kidogo, kwa kuwa mahubiri mengi juu ya Gideoni huishia katika sura ya saba, penye ushindi. Sisi twawaomba mfungue sura ya nane.

Midiani wamekwisha kupigwa. Israeli wanamwambia Gideoni awatawale. Naye anakataa, anasema Bwana ndiye atakayewatawala. Jambo jema. Lakini mara hiyo hiyo anaomba kitu kidogo: kila mtu ampe pete za masikio za nyara yake. Wakatandika nguo, wakatupa humo, na uzito wa dhahabu ukawa shekeli 1,700. Gideoni akatengeneza naivera, akaiweka katika mji wake wa Ofra; na Neno lasema ikawa tanzi kwake na kwa nyumba yake.

Ni mtu yule yule! Yule aliyejificha shimoni na ngano kidogo sasa ana nguo iliyojaa dhahabu ya watu waliouawa. Midiani walishindwa kuichukua ngano yake, lakini walimwachia tamaa yao. Aliokolewa asinyang'anywe, hakuokolewa asitamani nyara.

Na sisi je? Mwezi wa Januari 1979 majeshi yetu yalipouteka mji wa Mutukula, nyumba zilibomolewa na raia wakauawa, mpaka Mwalimu aliposikia akaagiza raia na mali zao wasiguswe. Ukweli huu ni mchungu, lakini Kanisa lisiposema kweli ya upande wake, halina haki ya kusema ya upande mwingine. Tena, vita ilipokwisha, bunduki nyingine zilirudi kwa njia za siri mpaka mkoani kwetu Mara. Wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulikuwa wa mishale na mikuki, sasa ukawa wa risasi. Vijiji viliamka usiku kwa milio, na wajane wakaongezeka. Waliokuwa wakilia juu ya ng'ombe za Kagera walikuwa na majirani waliowaswaga ng'ombe za yatima wa kijiji cha pili. Midiani alikuwa amerudi, akiongea lugha zetu.

MIDIANI WA BONDENI KWETU

Labda mtasema: mambo ya bunduki hayatuhusu sisi tunaokuja kanisani. Basi na tushuke bondeni, tuone.

Yuko mtu ambaye huachia ng'ombe zake kwenye jaruba la jirani usiku, na asubuhi husema kamba ilikatika. Wengine husogeza tuta la mpaka hatua moja kila mwaka, polepole, kama vile tuta lenyewe lina miguu. Mwingine huwapiga mawe bata wa mjane walioingia kwake mara moja, hali bata wake mwenyewe hushinda kwa jirani. Na yuko anayemfukuza mke wa marehemu ndugu yake katika shamba alilolilima kwa mikono yake miaka 20.

Tena yuko Midiani mwenye adabu, anayekuja mchana na kubisha hodi. Huja mwezi wa njaa, mpunga ungali mbichi. Humkuta mama mwenye mtoto mgonjwa, humpa fedha kidogo, na kwa fedha hiyo huununua mpunga ungali shambani, kwa bei ambayo hata yeye mwenyewe huona haya kuitaja. Mama apalilie, mama afukuze ndege tangu alfajiri mpaka jua lituame, mama avune. Kisha yeye aje na magunia, nayo huyajaza mpaka yatokeze kichwa juu. Hakuvunja sheria. Hakubeba mkuki. Lakini amefanya alichofanya Midiani: amengoja mwingine apande.

Ndugu zetu, twaandika haya kwa hofu, kwa sababu mtu huyo hukaa viti vya mbele. Mara nyingine ni sisi wenyewe. Mara nyingine debe la mpunga lililoletwa mbele ya meza ya Bwana siku ya malimbuko lilitoka katika gunia la namna hiyo, nasi tuliliombea baraka, tukalinadi, tukafurahia bei. Bwana na atusamehe.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tutunze mbegu. Kila nyumba iweke mbegu yake kabla ya kuuza hata kilo moja, na baba asiiguse bila mama kujua. Watoto wafundishwe kibuyu kile kiko wapi na kwa nini kiko pale. Hii nayo ni dini. Yusufu aliweka akiba Misri, na kwa akiba hiyo akawaokoa hata ndugu waliomuuza.

Pili, mwenye mbegu amkopeshe asiye nayo, kwa kipimo kile kile: debe kwa debe, bila nyongeza. Wako wazee wanaokumbuka jirani aliyewapa yai la bata la kuatamisha, akisema, "Likitotolewa na likikua, utanipa moja." Hakuandika mahali popote. Desturi hiyo haijafa, imelala tu. Umoja wa Mama wa mtaa na wauamshe, na wanaume tusione haya kufuata.

Tatu, aliyechukua na arudishe. Zakayo hakungoja ahukumiwe; alisimama mwenyewe nyumbani mwake akasema atarudisha mara nne. Kama umesogeza tuta, lirudishe usiku kama ulivyolisogeza, ukiona haya mchana. Jirani ataliona asubuhi, naye atajua Bwana amepita bondeni. Kama ulinunua mpunga wa mama yule kwa bei ya njaa, mpelekee kilichobaki. Usikilete kanisani. Mpelekee yeye.

Nne, tusamehe. Wako kati yetu walionyang'anywa na hawakurudishiwa kitu, na aliyewanyang'anya alikufa bila kutubu. Idi Amin alifariki ugenini, Jeddah, mwaka 2003, na hakuna ng'ombe wa Kagera aliyerudi kwa kifo chake. Tukingoja kulipwa ndipo tusamehe, tutakufa tukiwa bado shimoni. Kusamehe si kusema hatukuibiwa. Ni kukataa aliyetuibia atufundishe kazi yake.

Gideoni aliitwa shujaa alipokuwa na ngano kidogo na hofu nyingi. Bwana hakutaka zaidi ya hapo ili aanze naye. Nasi mwaka huu, tutakapoleta malimbuko yetu, na yawe madogo ikiwa ni lazima, lakini yawe ya haki. Bata akilia wakati wa sala, tumwache alie. Huenda naye ni mtoto wa yule aliyenyamaza nyuma ya kinu.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyemwona mtumishi wako shimoni, utuone na sisi mabondeni kwetu. Uwalinde wote wanaopanda leo katika nchi zilizokaliwa na majeshi, wasiojua kama watavuna. Utupe moyo wa kuitunza mbegu na mkono wa kuitoa. Utuondolee tamaa ya Midiani, na yote tuliyoyachukua kwa ujanja utupe ujasiri wa kuyarudisha kungali mchana. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliye punje ya ngano iliyoanguka ardhini ikafa, ikazaa sana. Amina.